Shajara ya mradi: Riwaya ya Huxley na dunia tunayoishi

Jumapili. Swali na mipaka yake

Mradi una swali moja. Je, dunia aliyoichora Aldous Huxley katika Brave New World, riwaya iliyochapishwa mwaka 1932, inafanana kweli na jamii ya leo? Nimesikia swali hili likimalizwa kwa sentensi moja mara nyingi mno. Mmoja anasema yote yametimia, mwingine anasema hiyo ni hadithi tu, na mazungumzo yanaishia hapo. Nataka kulifanyia kazi sura kwa sura, na kuandika ninachokipata kikiwa bado kibichi.

Kwa nini riwaya hii na si Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, ambayo hutajwa kwanza kila watu wanapozungumzia distopia, yaani hadithi za jamii ya kutisha ya wakati ujao? Kwa sababu Orwell anahofia buti, kamera na chumba cha mateso, na mateso ya namna hiyo anayeyapata anajua kwamba ameonewa. Hofu ya Huxley ni ngumu zaidi kuigundua: watu kuupenda utumwa wao. Oktoba 1949 Huxley alimwandikia Orwell barua kuhusu kitabu chake kilichokuwa kimetoka mwaka huo. Alikisifu, kisha akamweleza kwamba kwa maoni yake watawala wa baadaye wataona kumzoesha mtoto tangu uchanga na kumlegeza mtu kwa dawa ni njia bora ya kutawala kuliko virungu na magereza. Barua hiyo ndiyo mlango nilioingilia.

Utaratibu ni daftari lenye safu tatu. Ya kwanza ni kitu kilivyo ndani ya riwaya. Ya pili ni kinachofanana nacho leo. Ya tatu, ambayo ndiyo yenye uzito, ni kazi ya kitu hicho: kinamtumikia nani, na nani ameshika mpini? Bila safu ya tatu zoezi linakuwa jepesi mno. Kule kuna televisheni na hapa ipo. Kule kuna helikopta na hapa zipo. Unajaza ukurasa mzima na hujajifunza kitu.

Kuhusu wakati: kalenda ya riwaya inaanza kuhesabiwa mwaka 1908, mwaka wa gari la Model T la Henry Ford, na hadithi inatokea mwaka wa 632 wa kalenda hiyo, yaani 2540. Lakini katika dibaji aliyoiongeza mwaka 1946, Huxley alisema jambo lenyewe lingeweza kutufikia ndani ya karne moja tu. Kwa hesabu hiyo ya pili, sisi tumo ndani ya muda alioutaja, na umekaribia kwisha.

Jumanne. Kituo cha kutotolea watu

Hadithi inafunguka London, ndani ya jengo ambamo binadamu hutengenezwa kwenye chupa. Yai moja linaweza kugawanywa likatoa pacha hadi 96 wanaofanana. Kuna matabaka matano, kuanzia Alpha juu hadi Epsilon chini, na wanaokusudiwa kuwa Epsilon hupunguziwa oksijeni wangali chupani ili akili na mwili vidumae. Mtu anapangiwa nafasi yake kabla hajavuta pumzi ya kwanza.

Safu ya pili ilijaa haraka. Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyezaliwa baada ya yai kurutubishwa nje ya mwili, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa pacha wa kike aliokuwa amehariri jeni zao wakiwa viinitete.

Safu ya tatu ndiyo iliyonisimamisha. Katika riwaya maabara imewafuta wazazi, na kumtaja mama mbele ya watu ni aibu, karibu sawa na kutukana. Kwetu watu wanakwenda maabara kwa sababu wanatamani sana kuwa wazazi. Na He Jiankui hakupewa cheo. Desemba 2019 mahakama ya China ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Nimeandika: chombo kinafanana, kazi yake imepinduka.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wasomaji wengi hulipita. Huxley hakuwa anatabiri alipoandika juu ya serikali kuamua nani azaliwe na wa namna gani. Jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwahasi watu kwa nguvu mwaka 1907, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali sheria ya aina hiyo katika kesi ya Buck dhidi ya Bell. Kwa hiyo sehemu hii ya riwaya ilikuwa jamii ya wakati wake ikipelekwa hatua chache mbele. Tangu leo kila mstari wa daftari nitauuliza kwanza: je, hili lilikuwapo tayari mwaka 1931 alipokuwa akiandika?

Alhamisi. Watoto waliovaa kaki

Sura ya pili ni kurasa chache tu, lakini nimekaa nayo kuliko nyingine yoyote.

Watoto wa miezi minane, wa tabaka la Delta, wote wamevalishwa kaki. Wauguzi wanawashusha sakafuni. Mbele yao kuna mabakuli ya mawaridi, na vitabu vya picha vimefunguliwa kwenye kurasa zenye wanyama, samaki na ndege wa rangi. Watoto wanatambaa kuvielekea huku wakitoa sauti za furaha. Wanayafikia maua, wanayanyofoa, wanaikunja karatasi inayong'aa. Mkurugenzi wa kituo anasubiri mpaka kila mmoja ameshughulika na raha yake. Ndipo anatoa ishara, na muuguzi mkuu anabonyeza mkono wa swichi. Mlipuko unalia, king'ora kinapasua hewa, kengele zinavuma. Kisha umeme unapitishwa kwenye sakafu waliyokalia. Baadaye maua na vitabu vinaletwa tena, na watoto wale wale wanajikunyata na kupiga mayowe. Mkurugenzi anawaeleza wanafunzi wake kwamba somo hilo hurudiwa mara 200 hivi.

Kinachonitetemesha ni sababu zinazotolewa. Vitabu vinaweza kuvuruga mafunzo waliyopewa, hilo linatarajiwa. Ila maua yamefanya kosa gani? Kosa lake ni kwamba ni ya bure. Mtu anayependa mandhari anaweza kuketi akayatazama na asikipe kiwanda chochote kazi. Kwa hiyo watu wa tabaka la chini wanafundishwa kuyachukia mashamba na misitu, na wakati huo huo kupenda michezo inayochezwa huko kwa vifaa vya gharama, ili waendelee kulipa nauli na kununua vifaa.

Sasa swali langu jipya: je, hili lilikuwapo tayari? Lilikuwapo. Mwaka 1920 John B. Watson na Rosalie Rayner, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walichapisha jaribio walilomfanyia mtoto waliyemwita Albert. Alikuwa na miezi kama tisa walipoanza kumpima. Walimletea panya mweupe, na kila alipomgusa, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Baada ya muda Albert alimwogopa panya hata chuma kisipogongwa. Na Watson alikwenda wapi baada ya kuondoka chuoni? Alijiunga na kampuni ya matangazo ya biashara ya J. Walter Thompson, jijini New York. Mtu aliyethibitisha kwamba hofu ya mtoto inaweza kutengenezwa alikwenda kufanya kazi ya kutengeneza hamu ya mnunuzi.

Nimeusoma mstari huo kwenye daftari mara nyingi. Ndio mnyororo ulio wazi kuliko yote niliyoipata: maabara, riwaya na tangazo vimo ndani ya kipindi cha miaka 12.

Leo hakuna anayepitisha umeme sakafuni, kwa sababu hauhitajiki. Tunazoeshwa kwa tuzo. Simu inatoa mlio, kidole kinakwenda, kitu kidogo cha kupendeza kinatokea. Mwili unajifunza kama mtoto wa kaki alivyojifunza, ila kwa upande wa utamu. Na kile kisicho na bei kinaendelea kupoteza nafasi kwa njia ile ile. Kuketi chini ya mti hakuna anayelipia tangazo lake. Sijaona sehemu nyingine ya riwaya iliyo karibu nasi kiasi hiki.

Kuhusu mafunzo ya usingizini, yaani watoto kusikilizishwa maneno wakiwa wamelala, ambayo Huxley aliyapa kurasa nyingi: wanasayansi Simon na Emmons walilipima jambo hilo katika miaka ya 1950 kwa kufuatilia mawimbi ya ubongo, na hawakuona mtu akijifunza maneno akiwa amelala usingizi wa kweli. Mstari umefungwa.

Jumamosi. Nguo mpya

Watoto wa riwaya wanasikilizishwa usingizini kwamba kutupa ni bora kuliko kutengeneza, na kwamba kadiri unavyoshona viraka ndivyo unavyozidi kuwa maskini. Huu nao haukuwa utabiri. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani waliunda umoja uliojulikana kama Phoebus, wakakubaliana balbu ya kawaida isidumu zaidi ya saa 1,000, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita hapo ilitozwa faini. Tofauti ni kwamba sisi tunapinga waziwazi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa kifaa chake. Katika riwaya sheria kama hiyo isingepata hata mtu wa kuipendekeza.

Jumatatu. Kidonge

Katika riwaya, "soma" ni jina la dawa ya serikali inayogawiwa wafanyakazi mwisho wa zamu. Nusu gramu kwa mapumziko ya nusu siku, gramu moja kwa wikiendi, na kuendelea. Inaondoa huzuni, na asubuhi hakuna kichwa kuuma.

Watu wanaoandika juu ya mada hii hukimbilia kuifananisha na dawa za sonona. Nakataa, na ninakataa kwa moyo wote. Mgonjwa wa sonona anayeweza tena kuamka, kula na kuzungumza na wanawe hakimbii maisha yake, anayarudia. Soma inafanya kinyume: inamwondoa mtu mzima wa afya kwenye jambo linalostahili kumuuma. Kulichanganya hili kunawaumiza watu walio na maumivu ya kweli, na ningependa wanaoandika waache.

Kinachokaribia zaidi ni dawa za maumivu za jamii ya opioidi. Mojawapo, OxyContin, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1996. Kampuni iliyoitengeneza, Purdue, ilikiri makosa ya jinai mahakamani mwaka 2007, na tena mwaka 2020. Kufikia mwaka 2021, vifo vya Wamarekani kutokana na kuzidisha dawa za aina zote, ikiwamo fentanili ya magendo iliyokuja kushika nafasi kubwa, vilipita 100,000 kwa mwaka mmoja. Sasa tazama safu ya tatu. Soma ilitolewa na dola kwa ajili ya utulivu, na haikumwacha mtu akifia kichochoroni. Hizi zetu ziliuzwa kwa faida, na aliyeumia aliachwa ajitafutie tiba. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Raha tumeuziwa. Utulivu haukuja nayo." Sijui bado mstari huu utanipeleka wapi.

Jumatano. Kitanda cha Linda, na mti wa bandia

Mandhari mawili leo.

La kwanza ni hospitali ya wanaosubiri kufa. Linda, mama yake John, kijana wa riwaya aliyekulia nje ya jamii hiyo, amelala wodini. Miguuni pa kila kitanda kuna televisheni inayowaka asubuhi hadi usiku, manukato yanabadilishwa kila robo saa, muziki haukomi. Linda anatazama mashindano ya tenisi huku sauti imezimwa, akitabasamu kwa soma, na mwanawe aliyeshika mkono wake hawezi kumpata. Mwaka 1932 televisheni ilikuwa bado kwenye majaribio, ila Huxley alikwisha kuona itawekwa wapi: kati ya mtu na kifo chake mwenyewe, na kati ya mtu na mwanawe.

La pili liko mwisho wa kitabu, na nashangaa halizungumzwi sana. John, aliyekulia huko New Mexico katika hifadhi ya watu walioachwa na desturi za zamani, amekimbilia kwenye mnara wa taa uliotelekezwa ili aishi peke yake. Kwa uchungu na majuto anajichapa mjeledi. Mpigapicha wa filamu anajificha kwa siku tatu ndani ya mti wa mwaloni wa bandia, maikrofoni zimefichwa vichakani, na anarekodi kila pigo. Siku 12 baadaye filamu inaonyeshwa Ulaya Magharibi nzima, na watazamaji wanaisikia hata kwenye ngozi zao. Kesho yake helikopta zinashuka kama nzige. Umati unamzunguka John ukiimba kwa mdundo mmoja kwamba unataka kuona mjeledi. Hawamchukii, wala hawataki kumdhuru. Wanachotaka ni kuendelea kutazama.

Hapa sikuhitaji kutafuta mfano. Kila mwenye simu amewahi kuona uchungu wa mtu asiyemjua, uliorekodiwa bila ridhaa yake, ukizunguka hadi kumfikia mkononi. Siku 12 leo ni muda mrefu mno. Saa 12 zinatosha. Na sisi tumeongeza kitu ambacho Huxley hakukiwaza: ule mwaloni tumeubeba wenyewe mfukoni, kila mtu wake. Utelezeshaji usio na mwisho wa ukurasa, uliobuniwa na mbunifu wa programu Aza Raskin mwaka 2006, umeondoa mahali pa kusimama. Raskin mwenyewe amekuja kuujutia hadharani. Kitufe cha kupenda kilipoingia Facebook mwaka 2009, umati ulipata namna ya kuimba bila kufungua kinywa.

Mwaka 1958, katika kitabu alichoandika kuipitia upya riwaya yake, Huxley alisema watetezi wa uhuru walikuwa macho dhidi ya udikteta lakini walisahau kuihesabu hamu ya binadamu ya kupumbazwa, hamu ambayo karibu haina kikomo. Safu ya tatu nimeiandika kwa maneno machache: muda wa watazamaji unauzwa kwa watangazaji, na aliyerekodiwa hapati chochote.

Ijumaa. Mbele ya Mustapha Mond

Sura ya 16 na ya 17. Hapa Mustapha Mond, Mdhibiti wa Dunia, mmoja wa kumi wanaoitawala, anaeleza bila kuficha kwa nini mambo yako hivyo. Ana Biblia ndani ya sefu na Shakespeare amemsoma. Anajua kilichotolewa kafara, anakitaja kwa jina, na anasema bei ilistahili. John anajibu kwa kudai haki ya kutokuwa na furaha. Mond anamkumbusha hiyo maana yake ni haki ya kuzeeka, kuugua, kukosa chakula, kuihofia kesho. John anasema anazidai zote.

Niliposoma orodha ya Mond kwa makini, ule mstari mwekundu wa Jumatatu ulipata mwenzake. Tazama anachotoa Mond. Hakuna njaa. Kila mtu ana kazi na makazi. Hakuna anayelala akiwaza kodi ya nyumba, wala anayeogopa kuugua kwa sababu hana akiba. Ni mapatano maovu, kwa kuwa walioyakubali walitengenezwa wayakubali, lakini ni mapatano: toa uhuru, chukua usalama.

Sasa weka jamii yetu kando yake. Kwa mujibu wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 2023 ndipo kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya watu duniani, asilimia 52.4, walikuwa na angalau aina moja ya hifadhi ya jamii. Watu wapatao bilioni 3.8 hawakuwa na yoyote. Na wengi kati ya watu hao hao wameshafikiwa na simu, na tangazo, na ukurasa usiokwisha. Kiburudisho kimewahi kufika kabla ya bima.

Hili ndilo jibu la mradi kama ninavyoliona sasa. Tumefanana na riwaya katika sehemu inayompumbaza mtu, na hatujafanana nayo katika sehemu inayomlinda. Wanaosema "yote yametimia" wanatupa sifa tusiyostahili. Dunia ya Mond ingeona aibu kuwa na mtu mwenye njaa anayeangalia video za wanaokula. Na wanaosema "ni hadithi tu" wanamtafuta Mond, hawamwoni, wanastarehe. Hawezi kuonekana kwa sababu hayupo. Mahali pake pana kampuni nyingi zinazogombea saa zile zile za siku ya mtu, na hakuna hata moja inayodaiwa kujibu kwa niaba ya mwenye saa hizo. Mond angalau aliketi na John akamjibu maswali yake.

Nakiri sehemu hii ilinikasirisha, na sitaki hasira hiyo ipungue nikiandika ripoti ya mwisho.

Upande wa matumaini upo pia. Watu wa riwaya hawawezi kulalamika. Uwezo huo uliondolewa chupani. Sisi tunalalamika mchana kutwa. Wazazi wanabishana juu ya umri wa mtoto kupewa simu, walimu wanapigania madarasa yasiyo na simu, watu wanafuta programu na kuzirudisha na kuzifuta tena. Huyo anayeirudisha na kuifuta ni John zaidi kuliko anavyojijua. Riwaya yenyewe ilipigwa marufuku Ireland mwaka 1932. Leo haifungiwi kwenye sefu, yeyote anayeitaka anaisoma. Tatizo letu ni kupata saa nne za utulivu za kuisoma.

Jumapili. Kazi iliyobaki

Naongeza safu ya nne kwenye daftari: nani anakataa, na kukataa kunamgharimu nini. Katika riwaya jibu ni rahisi, anayekataa anapelekwa kisiwani pamoja na wenzake wa aina hiyo, na Mond anasema wazi kwamba huko ndiko waliko watu wa kuvutia zaidi. Kwetu anayekataa simu anakosa ujumbe wa kazi, taarifa za shule, huduma za benki. Kisiwa chake hakina wenzake.

Nitaanza na sura ya 18 upya kwa kutumia safu hiyo, kisha nirudi nyuma hadi ya kwanza. Dibaji ya 1946 nayo inahitaji siku yake peke yake: humo Huxley anasema kama angeandika upya, angempa John njia ya tatu, jamii ya watu huru walioikimbia dunia ya Mond na kujitawala wenyewe kwa vikundi vidogo. Hakuwahi kuiingiza ndani ya riwaya. Nataka kuiandika kwenye daftari kipengele kwa kipengele, na kuona ni vipi kati ya hivyo ambavyo watu wameshavijaribu.